Illisarvik: Somo la Ushahidi kutoka Maziwa ya Aktiki



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, katika darsa zetu za fiqhi halikosi kuulizwa swali la mtu anayeishi mahali ambapo jua halizami. Ataswali vipi Maghribi? Atafuturu saa ngapi? Mara nyingi swali hili tunalichukua kama fumbo la kunolea akili, kana kwamba mtu huyo hayupo duniani. Mtu huyo yupo. Kaskazini kabisa mwa Kanada, ndani ya Duara la Aktiki, kuna mji mdogo uitwao Inuvik, wenye watu 3,000 na ushei. Kila kiangazi jua hukaa angani karibu siku 56 bila kuzama, na katikati ya majira ya baridi hupita karibu siku 30 bila kuchomoza. Mji huo una msikiti. Ulijengwa Winnipeg mwaka 2010, ukapakiwa kwenye lori, kisha kwenye tishari, ukateremshwa na Mto Mackenzie hadi Inuvik, safari ya kilomita 4,000 hivi. Waislamu wa hapo hufunga Ramadhani kwa kufuata saa za Edmonton, mji ulio kusini ambako usiku na mchana bado hutengana. Hiyo ndiyo taqdiri tunayoisoma vitabuni: alama ya wazi ikikosekana, mtu hukadiria kwa kushika msingi unaojulikana. Habahatishi.

Nilikuwa nikifuatilia habari za msikiti huo ndipo nikatazama ramani ya mahali ulipo. Kuuzunguka mji kuna maziwa mengi kuliko nafasi ya kuandika majina yake. Nikajiuliza: nani aliyahesabu, na tutajuaje kama hesabu yake ni ya kutegemewa? Somo hili linajaribu kulijibu swali hilo. Nitatumia zana ambayo sisi wa masomo ya Kiislamu tunayo mkononi, yaani kanuni za kupokea habari walizoziweka wanazuoni wa Hadithi. Simaanishi kwamba picha ya ziwa ina hadhi ya Hadithi, hasha. Namaanisha kwamba anayechora ramani anatoa habari, na kila mtoa habari ana maswali ya kujibu: ameona nini, kwa jicho gani, lini, na nani mwingine ameona?

1. Nchi yenyewe ikoje

Mto Mackenzie ndio mrefu kuliko mito yote ya Kanada. Unapokaribia Bahari ya Aktiki hugawanyika vijito vingi na kufanya delta yenye ukubwa wa kilomita za mraba 13,000 hivi. Kusini mwa delta bado kuna miti. Ukielekea kaskazini na mashariki, upande wa Kisiwa cha Richards na Rasi ya Tuktoyaktuk, miti inakwisha. Inabaki tundra: nchi tambarare ya nyasi fupi na vichaka visivyofika gotini.

Chini ya tundra kuna ardhi iliyoganda daima. Kiangazi huyeyuka tabaka la juu tu, la sentimita kadhaa hadi mita moja hivi. Chini yake ardhi imeshikana kama jiwe hadi kina cha mamia ya mita. Kwa hiyo maji hayana pa kuzama. Mvua haba na theluji inayoyeyuka hukaa juu ya ardhi, na nchi ambayo kwa kipimo cha mvua ingeitwa kavu inakuwa imejaa maji.

Tena ndani ya ardhi hiyo kuna barafu tupu. Baridi kali huipasua ardhi nyufa ndefu. Majira ya joto yakianza, maji huingia ndani ya ufa na kuganda. Mwaka unaofuata ufa hufunguka palepale, maji huingia tena, na kabari ya barafu hunenepa. Baada ya karne nyingi nchi ukiitazama kutoka juu inaonekana kama wavu uliotandazwa, na ndani ya matundu mengi ya wavu kuna vidimbwi vya upana wa mita 10 au 20. Barafu hiyo ikiyeyuka ardhi hutitia, maji hukusanyika kwenye titio, maji nayo hubeba joto na kuyeyusha zaidi. Ziwa linazaliwa na kuendelea kujipanua lenyewe kwa kula kingo zake.

Shika jambo hili, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata: kule, ziwa lina umri. Linazaliwa, linakua, na linaweza kufa.

2. Maziwa mangapi?

Kwa miaka mingi vitabu vilisema kwamba delta ya Mackenzie ina maziwa 25,000 hivi. Mwaka 2007 watafiti walichapisha hesabu mpya: takriban 49,000. Mtu asiyekuwa makini atasema maziwa yameongezeka maradufu. Hapana. Kilichobadilika ni kipimo. Hesabu mpya ilifika hadi maji yenye ukubwa wa mita za mraba 1,400, yaani kama sehemu moja ya tano ya uwanja wa mpira. Ukishusha kipimo zaidi, idadi itapanda tena, kwa sababu katika nchi hiyo vidimbwi vidogo ni vingi kuliko maziwa makubwa.

Kwa hiyo "kuna maziwa mangapi?" ni swali ambalo halijakamilika. Linakamilika ukiuliza: ziwa ni nini? Wanafunzi wa usulu wanalijua jambo hili. Kabla ya hukumu huja taarifu. Maji yakiwa machache au mengi katika mlango wa tohara, wanazuoni hawakuacha neno "mengi" lielee. Mashafii wakaweka kipimo cha qullatayni, na wengine wakaweka vigezo vyao. Wametofautiana katika kipimo, lakini kila mmoja ametaja chake, nasi tunajua anazungumzia nini. Mchora ramani mwaminifu hufanya hivyo hivyo. Hutangaza mpaka wake kabla hajatangaza idadi yake.

Ardhi oevu ni ngumu zaidi ya ziwa. Ziwa lina ufuo. Ardhi oevu haina. Unatembea kwenye nyasi kavu, hatua kumi mbele viatu vinalowa, hatua ishirini mbele maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, na hakuna mahali unapoweza kuchora mstari ukaapa kwamba hapa ndipo. Juni, theluji inapoyeyuka, yote ni maji. Agosti nusu yake imekauka juu. Kanada imeweka makundi matano ya ardhi oevu, na moja kati yake ni maji ya wazi yenye kina kisichozidi mita mbili. Hata mpaka huo wa mita mbili ni makubaliano ya watu, na wanaokubaliana hivyo wanasema wazi kwamba wamekubaliana.

3. Msimulizi aliye angani

Nchi hiyo haina barabara nyingi. Barabara ya kudumu kutoka Inuvik hadi Tuktoyaktuk, kilomita 138 hivi, ilifunguliwa Novemba 2017. Kabla ya hapo ulikwenda kwa ndege, kwa mashua, au wakati wa baridi kwa njia iliyotengenezwa juu ya barafu ya mto na bahari. Kuyafikia maziwa 49,000 kwa miguu ni jambo lisilowezekana. Ndiyo maana habari zake nyingi zinatoka angani: kwanza picha za ndege za miaka ya 1940 na 1950, kisha setilaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 1972.

Setilaiti inayajuaje maji? Kuna mwanga ambao jicho la mtu halioni, uitwao infraredi. Majani huurudisha kwa wingi, maji huumeza karibu wote. Kwenye picha ya mwanga huo nyasi zinang'aa na maji ni meusi. Mtaalamu hulinganisha mwanga huo na mwanga wa kijani kwa hesabu fupi, na kompyuta hutenga maji na nchi kavu kwa maelfu ya kilomita.

Sasa tumfanyie msimulizi huyu uchunguzi, kama wafanyavyo wanazuoni wa jarhi na taadili.

Kwanza, ukali wa jicho lake. Picha ya setilaiti imefumwa kwa viraba vidogo viitwavyo pikseli, na ndani ya kiraba kimoja haioni tofauti. Kiraba cha Landsat ya mwanzo kilikuwa na upana wa mita 80 hivi, karibu uwanja mzima wa mpira. Cha Landsat za baadaye ni mita 30. Cha Sentinel-2, iliyorushwa mwaka 2015, ni mita 10. Kidimbwi cha upana wa mita 15 kwa Landsat ya mwaka 1973 hakipo kabisa. Msimulizi hakusema uongo, hakukiona. Anayekosea ni mwenye kuweka picha ya 1973 kando ya picha ya 2020, akahesabu vidimbwi vipya, akatangaza kwamba nchi inafurika.

Pili, vizuizi. Mawingu humziba macho, na kule kaskazini mawingu si haba. Maziwa hubaki wazi miezi michache tu, tangu barafu ivunjike mwishoni mwa Mei au Juni hadi igande tena vuli. Picha nzuri kwa mwaka mzima zinaweza kuwa chache mno.

Tatu, uthabiti wa hali yake. Hapa kuna kisa kinachomgusa kila aliyesoma habari za wapokezi waliobadilika. Landsat 7 ilirushwa Aprili 1999 na ilikuwa sahihi. Tarehe 31 Mei 2003 kifaa chake kimoja kiliharibika, na tangu hapo kila picha yake ikawa na mistari mitupu. Karibu asilimia 22 ya kila picha ikakosekana. Wanazuoni wetu, mpokezi aliyepatwa na ikhtilati uzeeni, hawakumtupa moja kwa moja. Walitafuta tarehe. Aliyoyapokea kabla hukubaliwa, ya baada ya hapo huchunguzwa. Watu wa setilaiti wamefanya vivyo hivyo, na tarehe hiyo ya Mei 2003 kila mtaalamu anaijua kwa moyo.

Tena mistari ile mitupu yenyewe ni ya kweli: inaonyesha waziwazi kwamba hapa sikuona. Hatari ni kwa mtu anayeijaza kwa vipande vya picha ya siku nyingine ili picha ipendeze. Akisema amefanya hivyo na kutoka picha gani, kazi yake ni halali. Akinyamaza, sisi tuna neno la kitendo hicho. Ni tadlisi.

Nne, je, ana mwenzake? Picha ya mwanga huthibitishwa na rada, ambayo hutuma mawimbi yake yenyewe, hupenya mawingu na haihitaji jua. Katika giza la Desemba rada inaweza kukuambia jambo ambalo kamera haiwezi. Ziwa lililoganda hadi chini huonekana jeusi, na ziwa lenye maji chini ya barafu hung'aa. Kwa kuwa barafu ya kule hunenepa hadi kufikia mita mbili hivi, tunajua kwa makadirio ni maziwa gani yana kina kinachozidi hapo, na ni wapi samaki wanaweza kuishi wakati wa baridi. Wasimulizi wawili waliopokea kwa njia mbili tofauti, wakikubaliana, habari inapata nguvu. Wakihitilafiana, hapo ndipo pa kutuma mtu kwa miguu.

4. Tarehe ya habari

Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Laurence Smith kuhusu Siberia, nchi ya Urusi iliyo upande wa pili wa Aktiki. Walilinganisha picha za 1973 na za 1997 na 1998 katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 500,000. Maziwa makubwa, ya zaidi ya hekta 40, yalikuwa yamepungua kutoka 10,882 hadi 9,712. Mengine yalikuwa yamepungua ukubwa tu, lakini 125 yalitoweka kabisa. Hata hivyo, pale ambapo ardhi iliyoganda haijakatika, eneo la maziwa liliongezeka. Nchi moja, joto lilelile, matokeo mawili.

Upande wa Mackenzie, watafiti walipekua picha za anga na kukuta maziwa 41 yaliyokauka kati ya mwaka 1950 na 2000. Wengi wangetarajia kwamba kadiri joto linavyopanda ndivyo maziwa yanavyokauka kwa kasi. Walichokiona ni kinyume. Miongo ya mwanzo lilikauka zaidi kidogo ya ziwa moja kwa mwaka, na kufikia 1985 hadi 2000 kasi ilikuwa kama ziwa moja kwa miaka mitatu. Nimelitaja hili kwa makusudi. Mwenye kushikilia jibu kabla ya kuhesabu angeandika kinyume na picha, na wasomaji wake wangemsadiki kwa sababu lilikuwa jibu walilolitarajia.

Ziwa linakaukaje? Maji hupata upenyo kwenye kabari ya barafu ukingoni, upenyo unayeyuka na kuwa mtaro, na ziwa lililodumu maelfu ya miaka linamwagika kwa saa au siku chache. Katika Surat Al-Mu'minun, aya ya 18, Allah anatukumbusha kwamba maji ameyateremsha kwa kiasi na kuyatuliza ardhini, na kwamba kuyaondoa ni jambo aliweza. Aya hii wengi wetu tumeihifadhi. Huko Aktiki kuna watu wanaoyaona maana yake kwa macho.

Na ziwa likiondoka huacha ushahidi. Ardhi iliyokuwa chini yake haikuwa imeganda, kwani maji yaliihifadhi. Sasa baridi inaishambulia kutoka juu na pembeni, maji yaliyomo yanabanwa, hayana pa kwenda ila juu, na yanainua ardhi kama uvimbe wenye moyo wa barafu. Kilima hicho wenyeji wanakiita pingo. Eneo la Tuktoyaktuk lina pingo wapatao 1,350. Kilicho maarufu ni Ibyuk, chenye kimo cha mita 49. Kwa hiyo kwenye nchi hiyo tambarare, kilima mara nyingi ni kaburi la ziwa. Anayejua kusoma alama haoni kilima tu, anaona pia maji yaliyokuwapo.

Tunapojifunza nasikh na mansukh tunaambiwa kwamba asiyejua lipi lilitangulia atapotea na kupoteza wengine. Ramani ya maziwa isiyo na tarehe ina balaa hilohilo. Huenda kila kilichochorwa juu yake kilikuwa kweli siku kilipochorwa.

5. Illisarvik

Kuna ziwa moja kwenye Kisiwa cha Richards ambalo siku ya kufa kwake inajulikana: tarehe 13 Agosti 1978. Alilikausha mtu. J. Ross Mackay, mtaalamu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha British Columbia, alikuwa akiichunguza nchi hiyo tangu miaka ya 1950. Alijua kwamba bahari inakula pwani na kwamba ziwa hilo dogo lilikuwa karibu na ufuo. Alichimba mtaro, na maji yakaenda baharini. Nia yake ilikuwa kuona, tangu siku ya kwanza, jinsi ardhi inavyoanza kuganda mahali ambapo haijawahi kuguswa na baridi.

Kabla ya mtaro huo wataalamu walikuwa na picha za kabla na picha za baada. Walijua ziwa lilikauka kati ya mwaka fulani na mwaka fulani, na yaliyopita katikati waliyakisia. Hapa walipata mahali ambapo mwanzo unajulikana, na vipimo vikaendelea kuchukuliwa kwa miongo kadhaa: joto la ardhi, kina cha baridi, mimea iliyoota juu ya lililokuwa tope. Kila anayetazama picha ya setilaiti na kuona ziwa lililokauka mahali pengine anaweza kuilinganisha na Illisarvik na kukadiria lililo chini ya ardhi. Hiyo tena ni taqdiri: kukadiria kwa kushika msingi unaojulikana, kama saa za Edmonton kwa watu wa Inuvik.

Mackay aliliita ziwa hilo kwa neno la wenyeji. Illisarvik maana yake ni mahali pa kujifunzia. Kwa lugha yetu tungesema madrasa.

6. Mashahidi wa ardhini

Nimesema "wenyeji", na hapa ndipo ramani inapokuwa jambo la haki. Delta na pwani hiyo ni nchi ya Wainuvialuit na Wagwich'in. Kwa karne nyingi wamekuwa wakiwinda, kuvua na kusafiri humo, na kila ziwa la maana kwao lina jina na habari yake: hapa samaki huwa wanono, hapa barafu huwa nyembamba hata Januari, hapa mabata bukini hutaga. Ramani za serikali zilizochorwa kutokana na picha za anga ziliyaonyesha maziwa hayo, lakini mengi bila jina. Mtu wa mbali akiiona karatasi hiyo alisema: nchi tupu.

Miaka ya 1970 makampuni yalitaka kupitisha bomba la gesi katika bonde la Mackenzie. Serikali ya Kanada ikamteua Jaji Thomas Berger kuchunguza. Kati ya 1974 na 1977 Berger hakukaa tu mjini kusikiliza wataalamu. Alikwenda kijiji hadi kijiji, akawasikiliza wawindaji, akina mama na wazee, kila mtu kwa lugha yake. Waliyoyasema yaliijaza ile nchi "tupu" njia za mitego, makambi ya uvuvi na majina. Ripoti yake ya 1977 ilishauri ujenzi katika bonde hilo usimame kwa miaka 10, ili kwanza madai ya wenyeji juu ya ardhi yao yatatuliwe. Wainuvialuit walitia saini mkataba wao wa ardhi mwaka 1984. Na mwaka 2013 mamia ya majina ya Kigwich'in yalitambuliwa rasmi.

Tuangalie nguvu ya ushahidi huo. Setilaiti inakwenda mbali na kwa haraka, lakini inaona uso wa maji tu. Mzee aliyevua katika ziwa kwa miaka 40 anajua kina chake, ladha yake, na mwaka ambao mafuriko ya mto hayakulifikia. Katika delta hili la mwisho ni kubwa, maana maziwa mengine huungana na mto kila kiangazi na mengine hungoja mafuriko makubwa yanayokuja baada ya miaka kadhaa. Kwenye picha moja yote ni madoa meusi sawasawa. Aliyeishi hapo ndiye wa kwanza kujua lipi linategemea nini. Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022, hupima kimo cha maji ya maziwa kutoka angani, tena yale makubwa kiasi.

7. Sisi tunapata nini

Kuna ndugu atauliza: sisi wa Bujumbura na tundra wapi na wapi? Jibu ni kwamba mkataba mmoja unatuunganisha. Tarehe 2 Februari 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, mataifa yalitia saini makubaliano ya kulinda ardhi oevu. Katika orodha ya mkataba huo kuna Old Crow Flats, bonde la maziwa lililo magharibi mwa delta ya Mackenzie, na kuna delta ya Mto Rusizi, ambayo wengi wetu tumeivuka tukienda Gatumba. Setilaiti zilezile zinazopita juu ya Inuvik hupita juu ya Rusizi, na picha za Landsat tangu mwaka 2008 hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ziwa Tanganyika lilipopanda miaka ya karibuni na maji kuingia nyumba za watu Gatumba, picha za kabla na baada zilikuwepo. Swali ni nani kati yetu anajua kuzisoma, na nani atakwenda kumuuliza mvuvi maji yalifika wapi mwaka gani, akaandika na tarehe.

Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya uvumi na maneno ya watu. Lakini kiwanja huuzwa kwa ramani, mtaro huchimbwa kwa ramani, na familia huambiwa ihame au ibaki kwa ramani. Habari ya maji ikiwa si sahihi, madhara yake hulala ndani ya nyumba za watu. Kwa hiyo mwanafunzi wa jiografia na mwanafunzi wa Hadithi wana jambo la kufundishana, na sioni sababu ya darsa zao kuwa mbalimbali katika chuo kimoja.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Watu wawili wanatoa idadi tofauti za maziwa ya eneo moja na wote ni wakweli. Inawezekanaje? Linganisha na ikhtilafu ya wanazuoni katika kipimo cha maji mengi.

2. Eleza tofauti kati ya picha yenye mapengo yanayoonekana na picha iliyojazwa bila kutajwa. Ipi ni hatari zaidi, na kwa nini?

3. Kasi ya maziwa kukauka karibu na Mackenzie ilipungua wakati wengi wangetarajia iongezeke. Hili linatufunza nini kuhusu kuamua kabla ya kuhesabu?

4. Chagua bwawa, kinamasi au mto mmoja karibu na chuo. Mtafute mtu aliyeishi hapo zaidi ya miaka 20, mwandike anayoyajua, kisha tafuteni picha mbili za setilaiti za miaka tofauti. Wapi wanakubaliana, na wapi wanahitilafiana?

Swali la nne lifanyieni kazi kabla ya mkutano ujao, in shaa Allah.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie kuwa mashahidi wa haki katika makubwa na madogo, na awahifadhi ndugu zetu wote wanaoishi pembezoni mwa maji, walio karibu na walio mbali. Wabillahi tawfiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.